Metali Mbili na Maji Yaliyo Kati Yake: Safari ya Goma hadi Kirotshe

Barabara ya Taifa Namba 2, inayoondoka Goma kuelekea magharibi, kupita Mugunga na Sake, kisha kugeuka kusini na kufuata ukingo wa Ziwa Kivu hadi Kirotshe, Bweremana na Minova, imeandikwa sana kwa ajili ya vita, wakimbizi na volkano, na yaliyoandikwa ni ya kweli; lakini iko habari nyingine, ya kimya na ya polepole, inayosomeka juu ya mapaa, kwenye viungo vya paneli za sola na kwenye injini za boti zilizoegeshwa ufukoni, nayo ni habari ya metali mbili zilizofungwa pamoja mahali penye unyevu. Kirotshe, iliyomo katika wilaya ya Masisi, mkoa wa Kivu Kaskazini, na ambayo jina lake limepewa pia kanda ya afya yenye hospitali kuu ya rufaa, ina hali mbili zisizokutana mara kwa mara mahali pamoja: mvua inayoinyeshea huweza kubeba asidi ya moshi wa volkano, ilhali ziwa lililo chini yake lina maji ya alkali yenye chumvi nyingi kuliko maziwa mengi ya maji baridi. Aluminiamu haivumilii vizuri hali ya kwanza wala ya pili, na ikifungwa kwa metali nyingine katika mazingira hayo huliwa kwa kasi ambayo fundi aliyezoea kazi za kando ya Ziwa Victoria haitazamii.

Ulikaji wa kigalvani ni uharibifu unaotokea pale metali mbili za aina tofauti zinapogusana, na zote mbili zikalowana kwa kimiminika kimoja kinachopitisha umeme, ambacho wanasayansi hukiita elektroliti. Metali hizo pamoja na elektroliti yake huwa betri ndogo: ile iliyo nyepesi kuachia elektroni zake huitwa anodi, nayo huyeyuka kidogo kidogo na kuingia majini, na ile iliyo nzito kuziachia huitwa kathodi, nayo husalimika, pengine ikasalimika kuliko ambavyo ingesalimika ikiwa peke yake. Ni sharti yatimie mambo matatu kwa wakati mmoja, yaani tofauti ya metali, mgusano wa metali kwa metali, na maji yanayoziunganisha kwa nje. Likikosekana mojawapo, betri haifanyi kazi. Kinga zote zinazotajwa vitabuni, ziwe za rangi, za mpira au za metali ya kafara, hulenga kuondoa mojawapo ya mambo hayo matatu, au, pale ambapo hakuna linaloondoleka, kuchagua mapema ni metali ipi itakayoliwa.

Katika mpango huo aluminiamu ina tabia ya pekee inayowapotosha wengi. Kwa asili ni metali yenye pupa kubwa ya kuungana na oksijeni, na kwa haki ingeoza kabla ya chuma. Lakini mara uso wake unapokwaruzwa hujifunika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, utando unaoshikamana nayo barabara na kuuzuia uharibifu usiendelee. Jedwali la volti linalofundishwa shuleni huiweka aluminiamu kwenye -1.66, zinki kwenye -0.76, chuma kwenye -0.44, stani kwenye -0.14 na shaba kwenye +0.34, kwa hiyo mwanafunzi anayelitegemea hukata shauri kwamba zinki haiwezi kuikinga aluminiamu, bali aluminiamu ndiyo itakayoikinga zinki. Majini mambo hugeuka, kwa kuwa utando ule huifanya aluminiamu ijiendeshe kama metali tulivu zaidi, ikakaa baina ya zinki na chuma. Ndiyo maana zinki huikinga, chuma kitupu huila, na shaba huila vibaya zaidi. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa upande huu hukiita kwa jina la Kifaransa inoksi, kiko mbali sana na aluminiamu katika mizani ya volti, lakini huila polepole kuliko shaba, kwa sababu nacho kina utando wake unaozuia elektroni kupita kwa wepesi. Nguvu ya betri hii basi haisomeki katika volti peke yake, na asiyelitambua hilo hununua bolti kwa hofu isiyo na msingi au kwa imani isiyo na msingi.

Kati ya Mugunga na Sake barabara hupita juu ya miamba myeusi ya lava na kandokando ya mabonde madogo yenye mazuku, yaani dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini, ikatulia chini kwa uzito wake na kuua mifugo na watu wanaoiingia bila kujua. Milima miwili ndiyo inayotawala upeo wa macho: Nyiragongo, ambao lava yake iliteremka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na Nyamulagira, ambao mlipuko wake wa miaka ya 1938 hadi 1940 ulimwaga lava hadi ziwani karibu na Sake. Volkano hizi hazihitaji kulipuka ili ziharibu bati. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha vipindi virefu ambamo milima hiyo ilitoa maelfu ya tani za dioksidi ya salfa kwa siku, na upepo unaovuma zaidi kutoka mashariki huusukuma moshi huo juu ya Sake na vilima vya Masisi, ambako hukutana na mawingu ya mvua. Mvua safi, hata pasipo volkano, ina pH ya takriban 5.6, kwa maana kipimo cha pH huhesabu 7 kuwa ni maji yasiyoegemea upande wowote, chini yake asidi na juu yake alkali. Mvua iliyopita katika moshi hushuka sana chini ya hapo, na mbali na salfa hubeba pia kloridi na floridi, ambazo kwa aluminiamu ni hatari kuliko salfa yenyewe, kwa kuwa kloridi hutoboa utando wa oksidi katika vituo vidogo na floridi huuyeyusha.

Paa la mabati ni mfano wa ulikaji wa kigalvani uliogeuzwa kuwa mtumishi, na wenye nyumba wengi huishi chini yake pasipo kulijua hilo. Bati la kawaida ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki, na zinki hiyo haifuniki tu kama rangi inavyofunika, bali hujitoa kafara: pale bati lilipokatwa kwa mkasi au kutobolewa kwa msumari, zinki iliyo jirani huyeyuka ili chuma kisiyeyuke. Bati la aina ya pili, linalong'aa kwa muda mrefu zaidi, hupakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6, na kwa kawaida hudumu kuliko lile la kwanza, ingawa zinki yake ni chache na hivyo nguvu yake ya kukinga kingo zilizokatwa ni ndogo. Chini ya moshi wa volkano aina zote mbili huchakaa haraka, kwa sababu zinki katika hewa safi hujivika tabaka la kabonati lenye kuikinga, na mvua ya asidi huliosha tabaka hilo kila linapojijenga. Lakini kosa baya kuliko asidi ni la mikono ya watu, nalo ni kupitisha waya wa shaba, wa kinga ya radi au wa antena, juu ya bati lililopakwa aluminiamu: matone yanayodondoka kutoka kwenye shaba hubeba chembe zake, chembe hizo hutua juu ya aluminiamu na kuwa kathodi ndogondogo, na baada ya misimu michache ya mvua njia ya maji huonekana kwa mstari wa vitundu, hata pale waya wenyewe haukugusa bati. Kanuni ya mafundi wa zamani ingali sahihi: aluminiamu ikae juu na shaba ikae chini, maji yatoke kwa aluminiamu kwenda kwa shaba na kamwe yasitoke kwa shaba kwenda kwa aluminiamu.

Baada ya Sake barabara hushuka karibu na maji, migomba na eukaliptasi vikashika upande wa mlima, na msafiri huingia katika eneo la Shasha na Kirotshe, ambako umeme wa sola ndio hutegemewa na vituo vingi vya afya kwa taa na kwa majokofu ya chanjo. Paneli ya sola ni kioo kilichozungushiwa fremu ya aluminiamu. Fremu hiyo hukaa juu ya reli, ambazo huweza kuwa za aluminiamu au za chuma kilichopakwa zinki. Reli hukamatwa na bolti. Na juu ya hayo yote huja waya wa shaba wa kuupeleka umeme hatari ardhini. Kwa hiyo katika mita moja ya mraba ya paa la zahanati hukutana metali tatu au nne, zote zikiloweshwa na mvua ileile, na kila kiungo kinahitaji uamuzi wake.

Bolti za inoksi katika fremu ya aluminiamu ni chaguo sahihi, na sababu yake haimo katika jedwali la volti bali katika ukubwa wa nyuso. Kinachoamua kasi ya kuliwa ni uwiano wa eneo la kathodi kwa eneo la anodi: bolti ndogo ya inoksi ndani ya fremu kubwa ya aluminiamu ni kathodi ndogo yenye kuhitaji elektroni chache, na mzigo huo mdogo hugawanywa juu ya uso mpana wa aluminiamu hata usionekane, lakini ribiti ndogo ya aluminiamu iliyopigwa katika bamba kubwa la chuma ni kaya yenye mchumaji mmoja na walaji ishirini, na ribiti hiyo huisha. Bolti zilizopakwa zinki nazo hufaa, tena hufaa kwa sababu zinki hukaa upande wa kafara dhidi ya aluminiamu, mradi fundi atofautishe upakaji wa umeme, unaoacha zinki ya maikromita chache tu na kung'aa kama fedha dukani, na uchovyaji katika zinki iliyoyeyushwa, unaoacha tabaka nene zaidi mara nyingi na lenye rangi ya kijivu isiyovutia macho. Bolti inayong'aa ndiyo inayopendwa na wanunuzi na ndiyo inayokwisha upesi. Zinki ikiisha, chuma kitupu hubaki kimegusana na aluminiamu na zamu hugeuka, kwani mlinzi wa jana amekuwa mlaji wa leo. Dalili yake ni doa jekundu kuzunguka kichwa cha bolti, na kituo kinachokagua paa lake kabla ya mvua za Septemba kikiliona doa hilo kina nafasi ya kubadilisha bolti kabla fremu haijaguswa.

Kiungo kinachokosewa mara nyingi kuliko vyote ni kile cha waya wa ardhini. Ni jambo la kawaida kumwona fundi akiukwangua waya wa shaba, akauzungusha chini ya bolti moja kwa moja juu ya fremu ya aluminiamu, akaukaza kwa nguvu na kuondoka akiwa ameridhika, kwa kuwa kipimo chake siku hiyo kinaonyesha mgusano mzuri. Baada ya mvua kadhaa unga mweupe hutokea chini ya waya, nao ni hidroksidi ya aluminiamu, isiyopitisha umeme. Waya ungali umefungwa, macho hayaoni kasoro, lakini njia ya ardhini imekatika, na aliyemo hatarini ni muuguzi anayelishika jokofu. Katika nyaya za nguvu madhara hugeuka kuwa moto, kwa sababu kiungo cha shaba na aluminiamu kilicholiwa huongeza ukinzani, ukinzani huzalisha joto, na joto hulegeza kiungo kikaliwa zaidi. Dawa yake ni kuweka metali ya kati: kichwa cha waya cha shaba kilichopakwa stani, ambayo katika mizani hukaa baina ya shaba na aluminiamu, au kiungo cha metali mbili kilichounganishwa kiwandani, kikatiwa grisi ya viungo ili maji yasiingie, na kukazwa kwa washa yenye meno inayokwangua oksidi na kuingia katika metali yenyewe.

Kuhusu rangi kuna kanuni inayoonekana kama upuuzi hadi itakapoelezwa. Mwenye mali akiona aluminiamu yake inaliwa kando ya chuma, hukimbilia kuipaka rangi aluminiamu na kukiacha chuma kama kilivyo, na kwa kufanya hivyo huongeza hatari, kwani hakuna rangi isiyo na mkwaruzo, na mkwaruzo mmoja juu ya aluminiamu iliyopakwa huwa anodi yenye ukubwa wa punje inayoihudumia kathodi nzima ya chuma. Sehemu iliyokuwa ikipungua kidogo kidogo kwa upana sasa hutobolewa. Inayopasa kupakwa kwanza ni kathodi, yaani ile metali isiyoharibika, ili eneo lake linywalo elektroni lipungue, na baada yake zipakwe zote mbili kwa pamoja. Kwa kuwa aluminiamu ni laini na utando wake huikataa rangi, hupakwa kwanza rangi ya msingi ya epoksi baada ya kusafishwa, la sivyo rangi hujivua kwa vipande.

Kuzitenga metali kwa kitu kisichopitisha umeme ni kinga ya tangu zamani, nayo iligunduliwa kwa bahati kabla ya betri kujulikana. Mnamo 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli yake Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya maji ili kuzuia minyoo inayokula mbao, na meli ilipokaguliwa mwaka 1763 baada ya kutoka Karibi ilionekana kwamba misumari ya chuma iliyoshika mabamba hayo ilikuwa imeoza kabisa, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ilisahauliwa kati ya shaba na chuma. Karatasi hiyo ndiyo baba wa washa za mpira na mikono ya plastiki inayovishwa bolti leo, na kasoro yake ndiyo kasoro yao: washa chini ya kichwa cha bolti haina faida ikiwa mwili wa bolti unagusa ukuta wa tundu, na mpira unaofyonza maji kama sifongo ni mbaya kuliko kukosa mpira. Humphry Davy alipopendekeza mwaka 1824 kwamba shaba ya meli ikingwe kwa vipande vya zinki au chuma, alianzisha njia ya pili, ile ya kafara, ambayo huko Kirotshe inahusu zaidi ziwa kuliko paa.

Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, huitwa ziwa la maji baridi, na kwa maana ya kinywaji cha ng'ombe na ya samaki aina ya sambaza jina hilo linafaa, lakini kwa maana ya metali halifai. Uwezo wa maji kupitisha umeme hupimwa kwa mikrosimensi kwa sentimita: maji ya Ziwa Victoria yana takriban 100, ya Ziwa Tanganyika kati ya 600 na 700, ya juu ya Ziwa Kivu takriban 1,200, na ya bahari takriban 50,000. Kivu liko mbali na bahari, ila linapitisha umeme mara kumi na mbili hivi kuliko Victoria, kwa sababu chemchemi za chini ya maji zenye asili ya volkano hulilisha chumvi, nyingi zikiwa ni bikabonati za magnesi, sodi na potasi badala ya chumvi ya mezani. Uchache wa kloridi ni nafuu kwa aluminiamu, na ni haki kuutaja, kwa kuwa vitundu vya aina ya baharini hupungua. Nafuu hiyo, hata hivyo, inatafunwa na alkali: pH ya maji ya juu ya ziwa kuu ni takriban 9, na michoro ya Mbelgiji Marcel Pourbaix, aliyechapisha atlasi yake mwaka 1963 akionyesha kwa kila metali ni katika pH na volti zipi inatulia, huuweka utando wa aluminiamu katika usalama kati ya pH ya 4 na takriban 8.5. Maji ya Kivu basi yamekaa kwenye mpaka, nje kidogo ya mlango, na chochote kinachoongeza alkali kwenye uso wa metali huisukuma aluminiamu ng'ambo.

Sehemu ya ziwa iliyo jirani na Sake, yaani Ghuba la Kabuno, ni nchi nyingine ndani ya nchi, kwa kuwa imetengwa na ziwa kuu kwa kizingiti chenye kina cha takriban mita 10 tu, na maji yake ya chini yamejaa dioksidi ya kaboni, chumvi na chuma kilichoyeyuka. Boti inayolala upande wa Kabuno haiogi maji yaleyale ya boti inayolala Bweremana, na fundi mwenye kipimo rahisi cha pH na cha umeme angejifunza mengi kwa asubuhi moja ya kupima pande zote mbili kuliko kwa kusoma kijitabu cha mtengenezaji wa injini kilichoandikwa kwa ajili ya nchi zenye bahari na mito.

Injini ya boti inayofungwa nyuma ina mwili wa aloi ya aluminiamu, ekseli ya inoksi na bolti za aina mbalimbali, na kwa kutambua hatari hiyo watengenezaji huifunga kipande cha metali ya kafara kiitwacho anodi, ambacho wenye boti hukiita zinki hata kisipokuwa cha zinki. Uchaguzi wa metali ya kipande hicho ndio unaolihitaji ziwa lijulikane. Zinki ni ya bahari, na katika maji yenye umeme mdogo hujifunika ganda na kuzubaa; magnesi ni ya maji baridi kweli kweli, na ina nguvu ya kutosha hata pale umeme unapopita kwa shida; aluminiamu iliyochanganywa na zinki na indi kidogo hufanya kazi katika maji ya kati. Muuzaji akisikia neno ziwa hutoa magnesi, na kwa Victoria ushauri wake unafaa. Kwa Kivu magnesi inaweza kuvuka kipimo, kwani kathodi inapolazimishwa kupokea elektroni nyingi mno, maji yaliyo juu yake huzalisha alkali, na aluminiamu ni miongoni mwa metali chache zinazoyeyuka kwa kukingwa kupita kiasi. Katika maji ambayo tayari yana pH ya 9 nafasi ya kukosea ni finyu. Hukumu inayofaa Kirotshe na Bweremana ni anodi ya aloi ya aluminiamu, isiyopakwa rangi hata kwa urembo, iliyofungwa metali kwa metali, na kubadilishwa inapobaki nusu. Anodi isiyopungua kabisa haipaswi kumfurahisha mwenye boti, maana huonyesha kwamba imekatika mgusano na inayopungua ni injini.

Jambo hili lilipata uzito mpya mwezi Februari 2024, vita vilipoikata barabara katika eneo la Shasha, na biashara kati ya Minova na Goma ikahamia majini kwa kiasi ambacho ufuko haukujiandaa kukihudumia. Boti zilizokuwa zikisafiri kwa siku maalumu zilianza kusafiri mfululizo, na mashine inayofanya kazi mfululizo haipewi muda wa kusuguliwa, kukaushwa na kukaguliwa. Katika mazingira hayo ni rahisi pia kupokea rangi yoyote inayopatikana, na hapo pana onyo moja: rangi za kuzuia viumbe vya majini zinazouzwa pwani nyingi zina shaba ndani yake, na kuupaka mwili wa aluminiamu rangi ya namna hiyo ni kuuvisha kathodi yake kwa mkono wako mwenyewe. (Chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba makaa na viazi katika barabara ileile, imekwepa matatizo haya yote kwa kuwa karibu haina metali ya kugombana na nyingine.)

Safari ikigeuka Sake na kupanda vilima vya Masisi kuelekea Walikale, inakuta aluminiamu ya aina ya tatu, ile ya angani. Kwa miaka mingi ndege ndogo za mizigo kutoka Goma zilitua Kilambo, juu ya kipande kilichonyooka cha barabara ya lami, ili kuchukua kasiteriti, yaani mawe yenye stani, kutoka machimbo ya Bisie. Mabamba ya ndege si ya aluminiamu tupu bali ya aloi yenye shaba ya takriban asilimia 4, iliyotokana na ugunduzi wa Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906. Shaba huipa nguvu, lakini humwingiza adui ndani ya nyumba, kwa kuwa chembe zenye shaba huwa kathodi dhidi ya aluminiamu inayozizunguka. Ndiyo sababu mabamba hayo hufunikwa pande zote kwa tabaka jembamba la aluminiamu safi, ambalo hujitoa kafara kwa ajili ya aloi ya ndani kama zinki inavyofanya juu ya bati. Marubani na mafundi wao hukataza pia penseli ya risasi kuandikwa juu ya mabamba, maana risasi hiyo ni kaboni na kaboni ni kathodi kali, na hukataza zaidi ya yote zebaki, ambayo tone lake dogo huuvunja utando wa oksidi na kuila aluminiamu mbele ya macho. Katika eneo ambako zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, katazo hilo si la kinadharia.

Bisie yenyewe iligeuka mgodi wa kisasa mwaka 2019, na stani yake husafirishwa nje kwa malori kabla ya kuyeyushwa katika nchi za mbali. Sehemu ya stani ya dunia hurudi Afrika Mashariki na Kongo ikiwa utando mwembamba juu ya vichwa vya nyaya vya shaba, vilevile vinavyohitajika kwenye fremu za paneli za Kirotshe, na bei ya kichwa kimoja ni ndogo mno ikilinganishwa na ya jokofu la chanjo kinalolilinda. Kwa hiyo mashirika, parokia, wafanyabiashara na wakuu wa vituo wanaoandika maombi ya ununuzi kwa ajili ya Masisi wanaombwa waandike waziwazi, badala ya kuliachia soko liamue, kwamba bolti ziwe za inoksi au zilizochovywa zinki, vichwa vya nyaya za shaba viwe vimepakwa stani, na anodi za injini ziwe za aloi ya aluminiamu. Na kabla ya kuagiza wapime pH na umeme wa maji ya mahali penyewe, kwa kuwa ramani inayosema ziwa la maji baridi haitoshi.